Kutoka akwariomu ndogo kwenda kubwa hapa Goma: maswali yenye munaniuliza kila mara

Nimekusanya hapa maswali yenye watu wananiuliza, wengine kwa simu, wengine wakinikuta Birere niko natafuta vitri (vioo). Wengi wenu muko na ile akwariomu ya sentimita 60, ya lita 54, samaki imezaa mpaka imejaa, na sasa munataka kubwa yenye munaweza kuchanganyia samaki ya aina mbalimbali pamoja. Yangu ya sasa iko ya lita 240, iko mu saloni Katindo, na mbele ya hiyo nilikuwa na zingine tatu, kwa hiyo mingi yenye nitasema hapa nimeipitia mimi mwenyewe.

Juu ya nini nichukue kubwa? Ndogo si njo rahisi kuchunga?

Apana. Hili njo jambo la kwanza nataka mulielewe, juu watu wengi wanafikiri ndogo ni ya kujifunzia na kubwa ni ya wenye kujua. Kumbe ni kinyume. Maji mingi inabadilika pole pole, maji kidogo inabadilika mbio. Samaki moja ikifia nyuma ya jiwe mu lita 54 na haukuiona, kesho asubuhi maji imeharibika, zingine ziko juu zinatafuta hewa. Samaki ileile ikifia mu lita 240 uko na siku moja, pengine mbili, za kuona kama kuna kitu hakiko sawa. Akwariomu kubwa inakupa muda. Na hapa kwetu, na umeme wenye unaenda na kurudi, muda njo kitu samaki inahitaji kupita vyote.

Nitawaeleza yenye ilinifundisha. Mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ilipasuka tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya posho usiku, kisha tetemeko ikaendelea siku kwa siku, na tarehe 27 wakatuambia tutoke mu muji. Wakati ule nilikuwa na akwariomu mbili, moja ya lita 200 na samaki kidogo na majani mingi ndani, ingine ya lita 54 yenye nilikuwa nimejazia guppy. Tulienda Sake kwa miguu na watoto na magodoro, nilifunga mlango bila kujua kama nitaikuta nyumba. Tuliporudi mu mwezi wa sita zilikuwa zimepita karibu siku 11, hakuna umeme, hakuna chakula, hakuna mutu wa kuangalia. Ile ya lita 54 nilinusa kabla sijaiona. Ile ya 200 maji yake ilikuwa ya kijani, vitri imejaa vumbi, lakini nilipowasha tochi niliona platy zikikuja mbele sawa vile zilizoea kukuja wakati ya chakula. Nilikaa chini nikalia, siwafiche. Tangu siku ile mutu akiniuliza ndogo ao kubwa, sina jibu mbili.

Lita ngapi basi?

Kwa samaki ya kuchanganya, anzia lita 200 kama unaweza, na urefu usiwe chini ya mita moja. Mimi napenda zaidi sentimita 120 kwa 40 kwa 50 ya kwenda juu, inatoa lita 240. Hesabu yake haina siri: zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote mu sentimita, kisha gawanya kwa 1000. Maji yenyewe itakuwa chini kidogo juu ya muchanga na mawe, na juu haujazi mpaka kwenye mudomo.

Kama fasi haiko, 80 kwa 35 kwa 40 inatoa lita 112, iko akwariomu ya kuheshimika, lakini uchague samaki ndogo ndogo tu na ubaki hapo.

Ndefu ao ya kusimama? Ya kusimama inapendeza mu saloni

Inapendeza kwa macho ya wageni. Chukua ndefu.

Fanya hesabu. Akwariomu ya 120 kwa 40 iko na uso wa maji wa sentimita mraba 4800. Ingine yenye lita ileile 240 lakini imesimama, 60 kwa 40 na mita moja kwenda juu, uso wake ni 2400, nusu tu. Na ni pale juu, fasi maji inagusa hewa, njo oksijeni inaingilia. Sasa ongeza hii yenye watu wa Kinshasa ao Mombasa hawahitaji kufikiria: sisi tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na maji yetu inashika oksijeni karibu asilimia 15 chini kuliko maji ya joto ileile kando ya bahari. Ukisoma fasi kwamba akwariomu fulani inabeba samaki 40, ujue yule aliyeandika hakuwa Goma. Weka uso mupana, na pompi ya hewa ama filtri (chujio ya maji) yenye inatikisa maji juu, usiku na muchana.

Tena samaki zinaogelea kwenda mbele, si kwenda juu. Na ya mita moja kwenda chini utaiosha na mukono gani?

Nyumba yangu iko ya mbao, juu ya mawe. Itabeba?

Hili swali linanigusa sana juu wengi tunaishi hivyo, mbao juu ya lava. Tupime pamoja ile ya lita 240. Vitri ya milimita 10 kwa ukubwa ule inafika kilo 50 na kitu. Maji, kilo moja kila lita. Muchanga na mawe, kilo 30 ao 40. Meza ya chuma, tuseme 30. Inafika kilo 350, sawa na watu watano wazima wamesimama karibu karibu, fasi moja, na hawatoki kamwe.

Kama chini iko simenti kwenye udongo ao kwenye lava, haina shida. Kama iko mbao zenye kushikiliwa na nguzo, usiweke katikati ya chumba. Weka kando ya ukuta, na ule urefu wa akwariomu ukate mbao za chini, usizifuate, ndipo uzito uende kwa miti mingi ya chini na si kwa moja tu. Zuri kupita ni kutoboa zile mbao fasi miguu ya meza itakaa na kujenga nguzo nne za mawe na simenti mpaka chini kwenye lava, fundi mumoja anamaliza siku mbili. Rafiki yangu mumoja wa Ndosho hakufanya hivyo. Mu mwezi wa tatu aliniita, akaniambia maji inavuja, nikaenda nikaona haivuji: upande wa kuume maji ilikuwa imefika mudomoni, upande wa kushoto ilibaki vidole viwili chini. Sakafu ndiyo ilikuwa imeinama. Tulitoa maji ile jioni kwa bidoni, haraka haraka, juu vitri yenye imepindika hivyo inaweza kupasuka saa yoyote.

Kwa hiyo fundi akimaliza meza, leta nivo (kipimo cha usawa), pima urefu, pima upana, pima na mushazari. Katikati ya meza na vitri weka frigoliti, ile povu nyeupe nyepesi, ya sentimita moja ao mbili. Ile frigoliti inameza vipele vidogo vya mbao ya juu, na tetemeko zetu ndogo ndogo pia inazipunguza kidogo.

Nitengenezeshe hapa ao ninunue yenye inatoka inje?

Yenye inatoka Kigali ao Kampala iko safi, lakini kwa ukubwa huu barabara inakula pesa na siku ingine inakula vitri yenyewe. Mimi yangu ilitengenezwa hapa hapa. Vitriye wetu wanajua kukata, yenye hawazoei ni mambo matatu, kwa hiyo uwasimamie.

Unene kwanza. Kwa kimo cha sentimita 40 weka milimita 8, kwa kimo cha 50 na urefu wa 120 weka milimita 10, na juu waweke ukanda wa vitri kwa urefu wote, mbele na nyuma, na mumoja wa kupita katikati. Bila hiyo mikanda vitri ya mbele inavimba, utaiona kwa macho.

Pili, silikoni, ile gundi ya kubandika vitri. Hapa watu wamepoteza samaki bila kujua juu ya nini. Silikoni ya kuogea, yenye kufanyiwa dushi na lavabo, iko na dawa ya kuua ukungu, na ile dawa inaua samaki pia. Mimi duka moja liliniuzia hiyo wakaniapia ni yenyewe, guppy 12 zikafa mu siku nne. Tafuta yenye imeandikwa akwariomu, ama silikoni asilimia 100 bila dawa ya ukungu. Ukiifungua inanuka vinegre kali mpaka pua inawasha, hiyo harufu ni ya kawaida kwa aina yenye tunatumia. Lakini harufu peke yake haitoshi, juu zile za dushi nyingi zinanuka hivyo hivyo, soma karatasi. Vitri ifutwe na alkoli mbele ya kupakwa, mukono usiguse tena fasi ya kubandika, na uiache wiki nzima ikauke. Wiki nzima. Fundi atakuambia kesho unaweza kujaza, mukatalie kwa heshima.

Tatu, jaribio. Ijaze inje, juu ya frigoliti, fasi imelala sawa, na uiache siku mbili. Bidoni 12 za lita 20, ndiyo, zinauma, lakini ile maji utafulia nguo.

Nikipata ya zamani, mutu anahama anauza?

Chukua, nyingi ziko nzuri. Angalia kona: silikoni ikiwa imegeuka nyeupe na inanyanyuka kwa kucha, utailipa tena. Mikwaruzo ya inje haina neno, lakini vitri yenye imemeguka kwenye ukingo, hata kidogo sawa punje ya muchele, uiache. Jaribio la siku mbili inje halisamehewi. Na isibebwe na maji ndani, hata ya vidole viwili. Watu wanne, tambara mukononi, ao mu pikap juu ya godoro. Kwenye chukudu na hizi barabara zetu za mawe, apana.

Maji nitumie gani, ya ziwa, ya robine ao ya mvua?

Hapa mutanisamehe nitaongea murefu.

Maji ya Kivu si maji ya hivi hivi. pH yake (kipimo cha asidi ya maji) pale juu iko karibu 9, na imejaa chumvi za madini, bikarbonati na manyeziamu. Maji ya robine ya hapa mingi inapigwa na pompi kutoka mu ziwa lile lile, kwa hiyo ukifungua robine ama ukinunua bidoni, ni Kivu uko unapokea. Kuna samaki zinapenda hivyo na kuna samaki zinakufa pole pole mu maji hiyo, nitasema chini.

Jambo lenye linafanya maji yetu kuwa ya hatari kwa mutu wa haraka ni hili. Kinyesi cha samaki na chakula chenye kimebaki vinatoa amonia. Mu maji ya pH 7 na joto ya 26, amonia yote karibu iko mu umbo lenye halichomi, ile ya sumu haifiki hata asilimia moja. Mu pH 9, joto ileile, zaidi ya sehemu moja kwa tatu inageuka sumu. Uchafu uleule, samaki zilezile, na hapa zinakufa wakati za mutu mwingine zinaendelea kuogelea. Njo maana hapa kwetu akwariomu mupya lazima ingoje bakteria zenye zinakula ile amonia zikae, na njo maana usipakize samaki mingi.

Klori: kando ya ziwa watu wa afya wanatia klori mu bidoni juu ya kolera, na wako sawa kabisa, inaokoa maisha yetu. Lakini samaki haivumilii. Weka maji mu pipa wazi saa 24 mpaka 48 na pompi ya hewa ndani, ama tumia dawa ya kutoa klori yenye inauzwa kwa akwariomu. Yule anayeteka maji muulize, papa, hii imetiwa dawa ao haijatiwa? Swali dogo, linaokoa mingi.

Mvua sasa. Fasi zingine maji ya mvua njo dawa ya kulainisha maji nzito, yenye madini mingi. Kwetu angalia vizuri, juu ile mvua inapita mu moshi ya Nyiragongo, inashuka na asidi na floridi na majivu, kisha inakimbia juu ya mabati na kuchukua zinki. Kama unataka kuitumia, ingoje siku upepo unapeleka moshi upande mwingine, mvua ya kwanza yote iache ipite, chukua ya nyuma, chuja, na uchanganye kidogo kidogo na ya ziwa ukiwa unapima pH. Mimi nachanganya robo tu, na siku majivu yanaanguka siguse hata tone.

Samaki gani zinaishi pamoja mu maji hii?

Chagua maji kwanza, kisha samaki zenye zinaipenda. Usifanye kinyume, juu kupigana na maji ya Kivu kila wiki kutakuchosha mpaka uiuze akwariomu.

Njia ya kwanza, yenye nashauri kwa wengi, ni samaki zenye zinazaa watoto hai: molly, platy, guppy, zile za mukia sawa upanga. Asili yao ni Amerika, wamezoea maji nzito. Molly njo inavumilia zaidi, wengine wanazoea kama ukiwaingiza pole pole, na zenye zimezaliwa hapa kwa rafiki yako ni bora kuliko zenye zimeshuka jana kwa sashe. Mu lita 240, kwa hewa yetu, anza na molly 6, platy 8, na guppy 8, basi. Dume moja kwa majike mawili ao matatu, kama si hivyo majike wanafukuzwa mpaka wanakufa na uchovu. Watazaa, hiyo nafasi yenye unaona iko wazi watoto wao wataijaza mbele ya miezi sita.

Njia ya pili ndiyo moyo wangu uko, samaki za Tanganyika. Ziwa letu linamwagika mu Ruzizi, Ruzizi inaingia Tanganyika, na chumvi za Kivu zinaenda nayo, kwa hiyo maji ya mule na ya kwetu ni ndugu, pH ya Tanganyika inacheza kati ya 8.6 na 9.2. Zile samaki ndogo zenye zinakaa mu magamba ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, hazipiti sentimita 5, ukiziwekea muchanga na magamba 20 zitajenga kijiji chini. Mawe upande moja kwa jozi ya Julidochromis, na juu kundi la Cyprichromis 8 ao 10. Chini, kando na juu, kila mumoja na fasi yake, hawagombani sana. Nimekaa mbele ya zile ndogo saa nzima nikiziangalia, moja inabeba muchanga kwa kinywa na kuutema kwa mulango wa jirani, jirani anautoa, anaurudisha.

Njia ya tatu ni ya mutu mwenye anapata maji laini ya kweli. Pale unaweza neon, corydoras, na ile tetra ya Kongo, Phenacogrammus interruptus, yenye watu wa Ulaya na Marekani wanaifuga kwa mapenzi makubwa na sisi wenyewe hatuijui. Iko samaki ya inchi yetu, ya mabonde ya mto Kongo, dume inafika sentimita 8, rangi inageuka buluu na dhahabu kama jua inaipiga upande. Lakini yule ni mutoto wa mto, maji yake laini, pH ya 6 mpaka 7 na nusu. Kumuweka mu maji ya Kivu ni kumutesa. Inaniuma kusema hivyo.

Na zenye nisiweke hata nikizipenda?

Uliza kila mara inakua mpaka wapi, usiangalie vile iko mu sashe. Oscar unainunua iko sawa kidole gumba, inafika sentimita 30 na zaidi na inakula wenzake. Ile papa ndogo ya fedha na mapezi meusi, Balantiocheilos, inafika 35. Ule mulamba vitri wa kawaida, pleco, unapita 40, na kinyesi chake peke yake kinashinda filtri. Samaki ya dhahabu ni ya maji baridi. Tilapia tunaijua sahani, haikai mu lita 240.

Na ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja, muiache. Samaki 10 za sentimita 3 na samaki moja ya 30 zina urefu mumoja kwenye karatasi, lakini ile moja iko na mwili mukubwa mara nyingi sana, inakula na kunya sawa kundi zima.

Naweza kuvua samaki mu Kivu niiweke?

Sambaza, apana, inakufa mikononi hata haujafika nyumbani, iko samaki ya fasi wazi na ya kundi kubwa. Ziko haplochromis ndogo za pale kando kwenye mawe, zingine hazipatikani fasi ingine mu dunia, zinaweza kuishi lakini zinaleta minyoo na wadudu, kwa hiyo ziwe peke yao wiki nne kwanza.

Yenye nawaomba kwa moyo wote ni hii ingine: samaki ya akwariomu isirudishwe mu ziwa. Kamwe. Sambaza yenyewe ililetwa kutoka Tanganyika miaka ya 1958 mpaka 1960, inatulisha leo, lakini kuna kadudu ka maji, aina moja ya Daphnia, kalimalizika mu ziwa nyuma ya hapo. Na mwaka 2006 ikaonekana samaki ingine ya Tanganyika, Lamprichthys, sasa inagombania chakula na sambaza. Kama umechoka na samaki yako, nipigie, nitakuja na ndoo.

Goma iko Afrika, rezistansi (ile ya kupasha maji moto) ya nini?

Ya usiku. Usiku yetu inashuka 14 ao 15, na mu saloni yangu maji bila rezistansi inaamka kwa 20 ao 21. Hizi samaki zinataka 24 mpaka 26. Kwa lita 240 weka mbili za wati 150 kuliko moja ya 300, moja ikikufa ingine inasaidia, na moja ikigoma kuzima haipiki samaki mara moja. Wakati ya baridi zinaweza kula kilowati-saa 3 kwa siku, uhesabu hiyo kabla ya kununua, juu kwa watu wengi umeme njo bei ya kweli ya akwariomu kubwa. Tanganyika na platy zinakubali 23 ao 24, pale unapunguza.

Uitoe kwenye umeme kila mara unapopunguza maji. Ikibaki inawaka inje ya maji inapasuka.

Umeme ukikatika siku mbili?

Usilishe. Samaki muzima anakaa wiki bila kula, lakini chakula chenye kinaoza kinamaliza hewa. Funika pande zote na blanketi, juu acha nafasi ya hewa. Nilipima usiku mumoja, toka saa mbili ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, zote mbili na blanketi, kubwa ilishuka kutoka 25 mpaka 23, ndogo ikafika 21.

Hewa njo inatangulia joto. Nunua pompi ya hewa yenye iko na batri yake ndani, ama ile ndogo ya kuungia kwa batri ya sola, inakula wati 3 ao 5 tu, hata panele ndogo ya taa inaibeba. Kama hauna, chota maji na kopo na uirudishe kutoka juu, kila saa mara 20 ao 30, watoto wanapenda hiyo kazi. Na filtri ya kufungwa, ile ya inje, ikikaa bila umeme saa mingi usiiwashe hivi hivi umeme ukirudi, maji ya ndani imeoza. Imwage kwanza, suuza sponji mu maji ya akwariomu, kisha washa.

Kitu kingine: pompi ya hewa inavuta hewa ya fasi iko. Usiiweke karibu na babula (jiko ya makaa), wala fasi moshi wa grupu (jenereta) unaingilia, wala usipulize dawa ya mbu mu chumba kile.

Filtri gani, na ni kweli lava inafaa?

Yenye inazungusha maji mara 4 ao 5 kwa saa, kwa hiyo lita 1000 kwa saa ao zaidi. Na ndiyo, lava inafaa sana, ile nyepesi yenye matundu mingi. Mu inchi zingine wanainunua kwa kilo, sisi tunaikanyaga. Okota mbali na barabara na magaraji juu ya mafuta, ivunje iwe sawa harage kubwa, ichemshe, isuuze mpaka maji inatoka wazi, ijaze mu filtri. Bakteria zinakaa mu matundu yake. Lakini chini ya akwariomu usiitandike, iko na makali, itachana samaki zenye zinalala chini. Chini weka muchanga.

Nitabadilisha maji bidoni ngapi?

Tatu kwa wiki. Ni lita 60, robo ya akwariomu. Joto yake iwe karibu na ya ndani.

Inakula franga ngapi yote?

Bei inabadilika kila mwezi, nikiandika leo kesho nitakuwa muongo. Yenye naweza kusema ni wapi usikate: vitri, silikoni, meza, rezistansi. Wapi ukate: taa (saa 8 kwa siku, ile ya LED ya kawaida nyeupe inatosha), mapambo yote ya plastiki, vifuniko vya bei. Na pesa ya samaki iweke pembeni, utaihitaji nyuma ya wiki sita, si leo.

Nahamisha vipi samaki kutoka ndogo kwenda kubwa?

Usivunje ya zamani siku ileile. Jaza mupya, washa filtri na rezistansi, kisha chukua sponji ya filtri ya zamani, usiioshe, iingize mu filtri mupya na ule uchafu wake wote. Ule uchafu wa kahawia njo bakteria zenyewe. Kwa njia hii unaweza kuanza kuingiza samaki nyuma ya wiki moja ao mbili, bila sponji ni wiki nne mpaka sita. Ukiwa na kipimo cha amonia na cha nitriti (sumu yenye bakteria zinatoa mu amonia), vyote visome sifuri. Kama hauna, ingiza samaki mbili tatu zenye nguvu, ngoja wiki, angalia kama zinakula na kama mashavu yao yanapumua pole.

Siku ya kuhamisha, fanya asubuhi, taa ikiwa imezimwa. Sashe ao ndoo na maji ya zamani, mupira mudogo wa hewa umefungwa kifundo ili maji mupya idondoke tone tone, saa nzima mpaka maji ya mu ndoo iwe mara mbili ya yenye ulianza nayo. Kisha neti, samaki peke yake, maji ya ndoo uimwage inje. Zitajificha siku ya kwanza, usiwe na woga na usilishe. Siku ya pili kaa mbele yake bila kutikisika. Yangu ya kwanza kutoka ilikuwa platy jike ya machungwa, ilifuata vitri kutoka kona moja mpaka ingine, sentimita 120 zote, ikageuka, ikarudi, kisha zingine zikatoka nyuma yake.